Kigari cha Kaka Kinatafuta Plaki

Kaka yangu alikuwa na ugonjwa mmoja: kila alichokuwa nacho alitaka kiwe na muhuri. Vita vilikuwa vimeishika Uvira, waliokuwa msituni sasa walitawala mji, waliotawala mji wamekimbilia msituni, na yeye bado alikuwa anauliza ofisi inafunguliwa saa ngapi.

Kigari chenyewe alikipata Bujumbura kabla ya vita, kikavushwa mpaka juu ya lori. Kilitoka ng'ambo, kilitengenezwa kwa ajili ya mashamba ya watu wenye mashamba makubwa: magurudumu manne manene, usukani, viti viwili na sehemu ya mizigo nyuma, basi. Hakikuwa na milango wala kioo. Alikinunua kwa ajili ya mama. Mama alilima mpunga kwenye uwanda wa Ruzizi, na magoti yake yalikuwa yamechoka kumbeba yeye mwenyewe, sembuse gunia. Kigari kilipita kwenye matope ambako lori lingelala wiki nzima, kikamleta mama na mpunga wake mpaka kwetu Nyamianda.

Askari kwenye vizuizi walikicheka. "Iki iko gari ao iko kiti?" Wakachota mchele kidogo, wakatuacha tupite. Na hawa ndio waliokuwa wakitwaa kila gari zima "kwa mahitaji ya vita", yaani kupeleka wake za wakubwa sokoni. Chetu hawakukitaka. Bila plaki, kile kibati cha namba ya gari, hata mpaka wa Burundi kisingevuka chenyewe. Mimi niliona ni baraka, kaka akaona ni aibu.

"Mutoto wangu, iko inabeba mupunga," mama alimwambia. "Unatafuta nini tena?"

"Mama, minye sitaki kutembea sawa mwizi."

Wezi wenyewe walitembea mchana kweupe, na bendera juu. Lakini nani angemwambia?

Kwenye ofisi ya plaki karani alikizunguka kigari, mikono nyuma, kama anayenunua ng'ombe. "Moto, ile pikipiki, haiko, maana iko na magurudumu ine. Gari haiko, maana haina mulango. Tingatinga haiko, maana haina jembe. Sasa, papa, niandike nini?" Kaka akamwomba amweleze kinachokosekana. Kosa! Ukimwuliza karani kinachokosekana, hatamaliza. Vioo vya pembeni, taa, kioo cha mbele, honi, mikanda. Kaka alizunguka mitaa ya Mulongwe na Kimanga akiokota vipande: taa kutoka kwenye basi lililoungua, vioo vya pikipiki, milango iliyochongwa na seremala wa majeneza. Ilifungika vizuri, kwa namna ya kutisha. Siku ya ukaguzi, gari la wakubwa lilipita mbele ya ofisi bila taa, bila plaki, likivuta moshi mweusi, na karani akalipigia saluti. Kisha akainama tena kupima kama honi ya kaka inasikika.

Akapata plaki. Nakiri ilikuwa inang'aa.

Hapo ndipo yakaja mengine. Kwetu chombo kipya hakina heshima mpaka kinyweshwe. Ni lazima bia imwagwe kidogo kwenye magurudumu, na iliyobaki majirani waimalize. Na katika siku zile hukuweza kufungua kreti mtaani bila kumwalika komanda wa askari wa mtaa, maana kumwacha nje ilikuwa kutafuta ugomvi. Kaka akamwalika. Mama hakuwepo, alikuwa bondeni akivuna. Komanda alikuja, akanywa, akapapasa milango ya seremala, akakaa kwenye usukani na kuomba kuwasha taa. Kaka akamwonyesha kila kitu, anacheka mpaka jino la mwisho. Nilitamani kumpiga kaka kwa chupa.

"Ah, iko gari kabisa," komanda akasema.

Asubuhi askari wawili wakaja. Kaka akawatolea karatasi zote, zile za muhuri, kwa mikono miwili. Mmoja akazisoma taratibu, akazikunja, akazitia mfukoni. "Asante, mukubwa. Bila document hatungeweza kuvuka nayo mupaka." Wakawasha, wakaondoka. Kaka alibaki uani na matambara ya kupangusia vumbi.

Mama hakujua lolote. Habari hazikufika bondeni upesi, na siku ile njia ilikuwa imefungwa, hatukuweza kumtumia mtu. Alimaliza kuvuna, akaburuta magunia mpaka barabarani, akakaa juu yake kumngoja mwanawe. Akausikia mlio ule aliouzoea. Akainuka, alituambia mwenyewe baadaye, akajifunga kitenge vizuri, akaanza kupunga mkono. Kigari kilikuja kimejaa askari na mbuzi. Yeye akaendelea kupunga mpaka kilipompita, kwa sababu alidhani kaka hajamwona.