Mbung'o wa Siku za Mgomo

Daktari wetu alikuwa daktari wa wadudu, si wa watu. Alipenda kulisema hilo mwenyewe kila mgeni alipofika, kisha anacheka. Mimi nilikuwa karani wake. Nilicheka pamoja naye, kwa kuwa nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilidhani kucheka na mkubwa ni sehemu ya kazi. Siku hizi nikikumbuka kicheko hicho naona aibu, na si chake ninachokisema, ni changu.

Kituo chetu kilikuwa kando ya barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba, karibu na kijito kilichofunikwa na vichaka vizito pande zote mbili. Kilikuwa mali ya chuo kikuu, nacho chuo chenyewe kilikuwa mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Tulichunguza mbung'o, wale nzi wanaoleta malale, ugonjwa wa usingizi. Ili uwahesabu mbung'o lazima uwakamate, na ili uwakamate lazima uwape kitu cha kuuma. Ng'ombe ni ghali na mbuzi hatulii. Kwa hiyo chuo kikuu, pamoja na maprofesa wake na majoho yao, kilitumia miguu ya watu.

Sitii chumvi. Wanaume watano waliketi kando ya kijito kuanzia saa mbili asubuhi, kila mmoja kwenye kigoda chake, suruali nyeusi imekunjwa mpaka gotini, kwa sababu mbung'o hupenda rangi nyeusi. Mbung'o akitua, aliyeketi hakutikisika. Alimwacha atulie, hata aanze kuchoma, kisha akamfunika polepole kwa kichupa cha kioo na kuziba mdomo wake kwa kipande cha shashi. Kupiga kulikatazwa kabisa. Mbung'o aliyepondeka hajulikani kama ni dume au jike, na daktari aliyaona hayo kama wizi. Walikatazwa pia kuvuta sigara na kuoga kwa sabuni ya kunukia. Jina lao pale kituoni lilikuwa "chambo". Nilikuwa natoka nje na kuuliza, "Chambo wako wapi?" nao waliitika.

Miguu yao ilikuwa imejaa mabaka meusi, na baadhi ya vidonda vilipona juu huku chini vikiendelea kutoa maji. Daktari alikuwa na baraza iliyozungushiwa wavu wa waya kuanzia chini hadi darini, asije akaumwa. Humo alikunywa chai na kula mayai ya kukaanga, akiwatazama wale watano kwa darubini. Mambo hayo aliyaita kusimamia kazi.

Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja Mteso wa miaka hamsini na kitu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda kile kwa miaka kumi na mmoja. Kwa miaka yote hiyo alikuwa kibarua. Malale yalikuwa yamemshika mara moja, kabla sijafika. Alilazwa miezi saba, akadungwa sindano mpaka akapona, ila mkono wake wa kushoto ulibaki ukitetemeka. Siku aliyolazwa jina lake lilifutwa, maana kibarua asiyefika si kibarua. Mkewe aliuza ng'ombe wawili na kukodisha shamba ili watoto wale. Alipotoka hospitali alirudi kuomba kazi kama mtu mgeni, akapewa kigoda kilekile.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu, barua ya ajira. Mshahara aliutaka pia, nani asiyeutaka, lakini barua ndiyo iliyomkosesha raha. Karibu kila wiki alikuja dirishani kwangu.

"Karani, nipate tu hiyo karatasi," alikuwa akisema. "Hata nikilala tena, ijulikane mimi ni mtu wa hapa."

Nilimjibu kwamba nitamkumbusha daktari. Sikumkumbusha hata siku moja. Daktari alikuwa ameniahidi kuniandikia barua ya kunisifu ili nipelekwe chuoni kusomea kazi ya maabara, na sikutaka kumuudhi kwa habari za chambo.

Miaka hiyo ilikuwa ile ya magendo ya kahawa, iliyovushwa mpakani usiku kwa magunia. Watu tuliowajua wakitembea pekupeku walikuwa na redio na magodoro mapya kwa msimu mmoja, na sokoni waliwacheka wale watano waziwazi, eti wanauza damu kwa bei ya mboga ya sukuma. Mzee hakujibu. Kwa mkono ule hangeweza kubeba gunia, na nadhani hangebeba hata kama ungekuwa mzima. Alikuwa anajivunia kazi yake. Hilo nalo linanichoma, kwamba tulikuwa na mtu anayeipenda kazi ile na tukamfanyia tuliyomfanyia.

Barua ya mgomo ililetwa na dereva wa lori la mizigo aliyekuwa anaelekea Kampala. Aliikabidhi langoni siku ya Ijumaa. Ilitoka kwa chama cha wafanyakazi wa chuo, imeandikwa kwa Kiingereza, nami niliwasomea wote kwa Kiswahili: mpishi, mlinzi, dereva wetu na chambo watano. Ilisema kwamba kuanzia Jumatatu kila anayefanya kazi ya chuo aweke chini vifaa vyake. Madai yalikuwa malipo sawa kwa kazi sawa, na kila kibarua aliyezidisha miaka miwili apewe barua ya ajira.

"Hiyo 'kila' iko na sisi ndani?" mzee aliuliza.

Nilimwambia wamo ndani. Akaniomba nisome tena mahali hapo, nikasoma, akaitikia kwa kichwa polepole huku ameushika ule mkono wake wa kushoto.

Jumatatu tuligoma. Daktari alikunywa chai barazani kwake kama kawaida, ila aliipika mwenyewe. Sisi tuliketi nje ya lango siku nzima, na lango lenyewe lilikuwa hatua chache tu kutoka kijitoni. Wale watano walikuwa wamevaa suruali zao nyeusi, kwa kuwa hawakuwa na nyingine za maana.

Yapata saa nne mbung'o wa kwanza alitua kwenye mguu wa mzee. Sote tulimwona. Mtu mwingine yeyote angempiga kofi, na hadithi yangu ingeishia hapo. Lakini hawa walikuwa wamekaa miaka wakifundishwa kutopiga, na mikono yao ilikuwa imesahau namna ya kuua. Mzee alitulia tuli. Mwenzake akatoa kichupa kwenye mfuko wa shati na kumfunika. Wakatazamana, wakaanza kucheka.

"Sasa hiyo tutapeleka wapi?" mmoja aliuliza.

"Weka tu," mzee alisema. "Tukiachilia itauma hao mama wanachota maji."

Kufikia jioni walikuwa na mbung'o kumi na wanne. Wao hawakuona kwamba wamefanya kazi. Kwao kazi ilikuwa kuketi kijitoni kwenye vigoda, na vigoda vilikuwa vimefungiwa stoo.

Nami, mwanamume mwenye akili timamu, niliyesoma mpaka kidato cha nne, niliyepaswa kuona hatari pale wao hawakuiona, nilichukua daftari langu nikaandika. Niliandika saa, mahali, dume wangapi, jike wangapi. Rejista yangu ilikuwa na miaka minne bila siku moja iliyorukwa, na nilikuwa naionea fahari kupita kiasi. Niliwaza pia kwamba mgomo ukiisha nitamwonyesha daktari, naye ataona mimi ni kijana wa namna gani na kuandika ile barua ya kunisifu. Nilikuwa nimegoma mchana kutwa pamoja na wenzangu huku mkononi nina kalamu ya kujipendekezea.

Tulifanya hivyo siku tisa. Siku ya kumi ilikuja habari kwamba chuo kimekubali madai. Mpishi aliimba. Mzee alikwenda nyumbani akarudi na kuku aliyefungwa miguu, akaniwekea mezani, kwa kuwa ni mimi niliyemsomea barua. Nilimpokea.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea daktari lile daftari. Aliligeuza kurasa kwa muda mrefu, kisha akatabasamu, na alikuwa mtu asiyetabasamu na wafanyakazi ila mbele ya wageni.

"Hii ni kazi nzuri sana," alisema. "Hatuwezi kuacha hawa mbung'o wapotee bure. Waite chambo. Nitawalipa kwa kila mbung'o."

Niliwaita. Niliandika stakabadhi kwa mkono wangu, kama alivyonitajia yeye: kwamba fulani amepokea malipo kwa mbung'o aliokiuzia kituo. Nililiona neno hilo "aliokiuzia". Nilisita kidogo, sikatai. Kisha nikaona kwamba ni neno tu, na watu wanangoja hela yao. Mmoja baada ya mwingine waliweka dole gumba kwenye wino, nami nikamshikia mzee mkono wake ili usitetemeke na kuchafua karatasi. Waliondoka wakimsifu daktari, kwamba kumbe ana roho.

Wiki tatu baadaye barua za ajira zilifika kutoka chuoni. Zilikuwa nne, maana sisi nasi tulikuwa vibarua: ya mpishi, ya mlinzi, ya dereva na yangu. Pamoja nazo ilikuja nakala ya maelezo ambayo daktari alikuwa ameyapeleka, na kwa kuwa mimi ndiye niliyehifadhi majalada, niliisoma. Alikuwa ameandika kwamba wale watano hawakuwa wafanyakazi wa chuo hata siku moja. Walikuwa wachuuzi wa mbung'o, kama vile watu wa Port Victoria wanavyoleta samaki na wengine makaa. Ushahidi ulikuwa kwamba katika siku tisa za mgomo, bila msimamizi wala vigoda vya kituo, waliendelea kukusanya mbung'o kwa hiari yao na kuwauza, na stakabadhi zenye dole gumba zilikuwa zimeambatishwa. Daftari langu lilikuwa limeambatishwa pia, na alikuwa amelisifu kwa usahihi wake.

Niliingia barazani. Nilitaka kusema mengi, nikasema moja.

"Daktari, hawa wamefanya kazi hapa miaka kumi."

"Na wataendelea," alisema, akipaka siagi kwenye mkate. "Nani amewafukuza? Wewe angalia barua yako. Umepata, au hukupata?"

Siagi ilikuwa imemganda kidoleni, akailamba. Nimewahi kuona mengi ya kutia kinyaa mpakani pale, mizoga ya ng'ombe mtoni, watu wakitapika pombe mbele ya watoto wao, lakini nikiambiwa nitaje kitu kimoja nitataja kidole kile. Na baada ya hapo nitautaja ulimi wangu mwenyewe, uliolala kinywani bila kufanya kitu.

Mzee alinijia dirishani mchana. Alikwishaambiwa na mpishi kwamba barua zimefika. Nilimweleza yote, na sikujificha. Nilimwambia juu ya daftari, juu ya neno lile kwenye stakabadhi, na kwamba nililiona nikaliandika. Nilitazamia anitukane kwa Kiteso. Ningefurahi kutukanwa.

Aliniuliza, "Yako unayo hapo?"

Nikamwambia ninayo.

"Inasema nini juu ya kugonjeka?"

Nilitafuta mahali hapo. Nikamsomea kwamba mfanyakazi atakayeugua atalipwa mshahara wote kwa miezi mitatu na nusu mshahara kwa miezi mitatu mingine, na kwamba nafasi yake ya kazi italindwa mpaka apone.

"Soma tena hapo kwa nafasi."

Nikasoma tena.

"Iko maneno mzuri," alisema. Kisha akaenda zake kijitoni, kwa sababu ilikuwa saa nane na mbung'o wa alasiri walikuwa wameanza.

Niliweka sahihi kwenye barua yangu siku hiyohiyo. Mwaka uliofuata, kabla ya mvua ndefu, malale yalimrudia. Safari hii yalikuja upesi. Kwanza alianza kusinzia juu ya kigoda, kisha akawa hajui jina la mkewe, na alipopelekwa hospitali tuliambiwa kwamba yamekwisha kufika kichwani. Hakutoka hai. Mkewe alikuja langoni kuuliza kama kuna chochote cha mumewe pale. Nilifungua majalada mbele yake ili aone kwamba natafuta, ingawa nilijua hakuna. Alinishukuru kwa taabu yangu.

Kesho yake daktari aliniambia kigoda hakiwezi kukaa wazi, nitafute mtu mwingine. Nilimpata kabla ya saa sita, kisha nikaenda kula.