Pazia la Teodora

Kama hujawahi kuishi Mkuyuni upande wa ziwani, utadhani upepo unapimwa kwa kutazama maji. Jaribu uone. Upepo wetu wa asubuhi unatoka nyuma, milimani, unapita juu ya mapaa na kuangukia mbali kabisa, kwa hiyo pale mwaloni inapoegeshwa mitumbwi, maji yametulia kama uji uliopoa. Mgeni anasukuma mtumbwi wake kwa raha zote. Akifika katikati ndipo anajua, na kugeuza tena hawezi, maana sasa upepo anao usoni.

Jirani yangu Mhoja hakutazama maji. Alitazama kamba ya nguo ya mkewe.

Nyumba yao ilikuwa juu kwenye mawe, mahali upepo unapita bila kuzuiwa na kitu, na kamba ilifungwa kati ya mwarobaini na nguzo ya banda la kuku. Mhoja akiwa chini na kasia lake, aliinua macho tu. Pindo la kanga likitikisika, anakwenda. Kanga ikinyooka kama mkono wa mtu anayeelekeza njia, anasubiri. Ikianza kujipigapiga na kujiviringisha kwenye kamba, anavuta mtumbwi mchangani na kuja kwangu kunywa chai. Mwenyewe ndiye aliyemfundisha Teodora haya, alipomwoa kutoka Misungwi, binti wa wakulima wa pamba ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa ya lambo la ng'ombe.

Mimi nakaanga samaki pale mwaloni, kwa hiyo ninayosimulia niliyaona. Ilikuwa miaka ile ya tisini, biashara imefunguliwa, viwanda vya minofu ya sangara vimekuja, mawakala wanangoja ufukweni na magari ya barafu. Wanaume wakaacha akili nyumbani. Saa ya kutoka ikawa inapangwa na sangara, si upepo. Nestory, rafiki wa Mhoja tangu utotoni, alitoka asubuhi moja mbaya kwa sababu gari la wakala lilikuwa linapiga honi. Mtumbwi wake uliokotwa ng'ambo, mtupu.

Tangu matanga ya Nestory, Teodora hakupata usingizi wa maana. Siku moja akarudi kutoka sokoni na pazia la mitumba, jeupe, lenye vitundu kama wavu wa dagaa, jepesi kiasi kwamba ukilipumulia linainuka. Nilidhani ni la dirishani. Kumbe la kambani.

Asubuhi akiamka na moyo mzito, kanga zilibaki kwenye beseni, likatundikwa pazia. Hata kwa kaupepo kasikoweza kuzima kibatari, lilipaa na kucheza ngoma. Mhoja kule chini aliinua macho, akalaza kasia, akakaa kushona nyavu. Wenzake walipita wakicheka.

"Mhoja, leo tena? Huo upepo uko wapi?"

"Nendeni tu," aliwajibu bila kuinua kichwa.

Wakampachika jina, Bwana Nchi Kavu, likashika mpaka watoto wa shule wakalijua. Nami nilicheka, nisiwadanganye. Lakini siku zilivyozidi nikaona hapana, nikamwambia Teodora, "Dada, unamwaibisha mumeo." Akanigeukia kwa ukali. "Aibu imeshamzamisha nani?" Nikarudi kwenye samaki wangu.

Halafu ukaja msiba wa shangazi yake Misungwi. Habari zilimkuta anafua blanketi. Akalitupia kambani likiwa bado linachuruzika, akafunga kitenge, akaondoka. Kesho yake, alinisimulia baadaye, yuko msibani, amekaa na wanawake wanaimba, mara miti ya uani ikainama, vumbi likajaa, bati moja likabanduka jikoni. Teodora akakumbuka blanketi. Lile zito, lililolowa, halingeinuliwa hata na upepo wa namna ile. Mhoja angetazama juu, aone kimya, aende.

Alisimama katikati ya wimbo. Hakumuaga mtu, jambo ambalo ndugu zake walilisema kwa muda mrefu sana, akadandia lori lililokuwa linaleta pamba mjini.

Nilimwona anateremka kwenye mawe bila viatu. Kule mbali ziwa lilikuwa jeupe kwa mapovu. Nilimwita, hakunisikia. Alikimbia moja kwa moja hadi mahali ulipokaa mtumbwi wa mumewe, akakuta mchanga mtupu, akapiga yowe ambalo mpaka leo sipendi kulikumbuka.

Mhoja akatoka nyuma ya kibanda changu na kikombe cha chai mkononi. Mtumbwi alikuwa ameuburuta huku juu, upepo usiuchukue.

"Mama Justa," alimwita mkewe kwa jina la binti yao, "kuna nini?"

"Hukwenda?"

"Niende wapi na upepo huu?"

"Lakini blanketi halikutikisika!"

"Blanketi limelowa, mama Justa, mimi si mtoto. Nilitazama mwarobaini."

Teodora akainua macho kwenye kamba kule juu. Nikaona jambo linamwingia polepole.

"Kwa hiyo na pazia ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ukakubali wakucheke, baba Justa? Muda wote huo?"

Mhoja alitazama ndani ya kikombe chake. "Kanga zinaniambia upepo umeamkaje," akasema. "Pazia linaniambia wewe umeamkaje. Sasa nikuache hivyo, niende ziwani kufanya nini?"

Teodora alilia pale pale mchangani, kwa sauti, bila kujificha. Na mimi nililia, nikasingizia moshi.

Upepo ulipokwisha, Teodora alitoka asubuhi na beseni lake. Nilikuwa nachochea moto, nikamtazama. Alilishika pazia muda mrefu, akalikunja, akalirudisha ndani. Kisha akatundika kanga moja, iliyokamuliwa vizuri. Pindo likatikisika kidogo tu.

Mhoja aliiona. Hata hivyo hakusukuma mtumbwi, alisimama na kasia lake akimtazama mkewe mpaka Teodora alipoinua mkono kumwashiria aende. Ndipo akaenda. Teodora akakaa juu ya jiwe, beseni pembeni, macho ziwani, na siku hiyo hakupika mpaka mumewe aliporudi.