Nilivyomzamisha Bi Harusi wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa akiniita fundi. Hakukosea, maana mimi ni fundi bomba kweli, na siku ya kwanza kuingia nyumbani kwake Mkonze nilikuwa na mkoba wa spana, nimeitwa kutengeneza koki ya jikoni. Nikatengeneza koki, nikamwona binti yake, na mwaka uliofuata nikamwoa. Koki ilianza kuvuja tena wiki ileile. Nimeirudia mara nne. Basi kila nikimwamkia, "Shikamoo mama," alinijibu, "Marahaba, fundi," huku jicho moja likielekea jikoni.

Mkwe mwenzangu, aliyeoa dada mkubwa, anaitwa mwanangu. Yeye anauza mabati na hajawahi kumtengenezea mama kitu chochote. Nadhani ndiyo siri yake. Iliniuma. Mtu mzima na ndevu zangu, namwonea mwenzangu wivu kwa neno moja.

Kisha mama akapata safari ya kwenda Kondoa, kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake, akasema atakaa huko zaidi ya mwezi. Asubuhi ya kuondoka alipita kwetu Area D amepakata ua lake la ndani, lile lenye majani mapana ya kijani na ua moja jeupe linalosimama katikati. Yeye huliita bi harusi. Alilipitisha mbele ya mke wangu, akanikabidhi mimi.

"Fundi, nakuachia bi harusi wangu. Akilegea, mpe maji. Hana makuu."

Nikajua hapo ndipo nitakapopandishwa cheo.

Nilimmwagilia siku ileile, na maji yakatokea chini ya chungu, yakatambaa sakafuni. Mimi ni mtu wa Dodoma. Mtaani kwetu maji yalikuwa yakija kwa zamu, tunayakinga kwa ndoo, na maji ya kuoshea mchele hayamwagwi mpaka yafanye kazi nyingine mbili. Tena ni fundi bomba, nikiona kitu kinavuja napata homa. Nikainamisha chungu, nikakuta matundu matatu kwenye kitako. Nikamsema mfinyanzi, ingawa hakuwepo. Nikayaziba matundu yote kwa vipande vya mpira na gundi ya mabomba, nikasubiri yakauke, nikajaribu kwa maji. Hata tone halikutoka. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka ule, nikamwita mke wangu aje aione.

Baada ya wiki moja bi harusi akalegea. Majani yalilala kwenye ukingo wa chungu kama nguo zilizoanikwa bila vibanio. Nikakumbuka maagizo, nikampa maji. Kesho yake amelegea zaidi, nikamwongezea. Nisichokijua ni kwamba sikuwa peke yangu kwenye huruma hiyo. Mke wangu, anayemwogopa mama yake kunizidi, alikuwa anampa maji ya mchele kila mchana. Na shangazi yangu wa Zuzu, aliyekuwa kwetu akitibiwa macho, hawezi kuona maji yanabaki kwenye glasi. Utotoni aliyafuata kisimani kwa miguu, na mpaka leo ukimwaga maji mbele yake inakuwa kama umemtukana. Kila baada ya chakula alizunguka meza, akakusanya mabaki ya glasi zote, akampelekea "yule binti". Kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri, siku moja alimpelekea chai.

Mama akapiga simu kutoka Kondoa.

"Bi harusi anaendeleaje?"

"Hajambo, mama. Amejipumzisha kidogo."

"Anakunywa lakini?"

"Anakunywa, mama. Anakunywa sana."

Hapo sikusema uongo.

Wiki ya tatu majani ya chini yakawa manjano, vijidudu vyeusi vikaanza kurukaruka juu ya udongo, na sebule ikanuka mtaro. Harufu hiyo naijua sana, kwa hiyo nikadhani ni ovaroli langu, nikalifua mara mbili. Harufu ikabaki palepale. Ndipo nilipoogopa kwelikweli. Niliona tayari mama anarudi, anatazama chungu, na mimi nazeeka nikiitwa fundi. Nikamfunika bi harusi kwa kanga, nikampakia kwenye bajaji kumpeleka kwa mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara. Dereva alichungulia nyuma, akauliza taratibu, "Mgonjwa?" Nikamjibu, "Wa mama mkwe." Akaendesha polepole njia nzima.

Muuza miche alikinyanyua chungu mara moja tu.

"Mbona kizito hivi?" Akachomeka kidole kwenye udongo, kikazama chote, kikatoka kimelowa. "Huyu hana kiu, kaka. Huyu amezama."

"Lakini majani yamelegea."

"Mizizi nayo inahitaji hewa. Ikikaa kwenye maji inaoza, ikioza haiwezi kunywa, majani yanalegea vilevile kama ya mwenye kiu. Wewe unaona kiu, unaongeza maji, unamaliza kazi." Akageuza chungu. "Nani kaziba matundu?"

"Fundi," nikasema.

"Fundi gani mjinga hivyo?"

"Yupo mmoja, huko Area D."

Akamtoa bi harusi kwenye chungu. Mizizi mingi ilikuwa myeusi, laini, inapondeka ukiigusa. Akaikata yote, akaacha ile myeupe migumu, na majani ya manjano akayaondoa pamoja na lile ua. Akachanganya udongo mpya na mchanga wa korongoni na samadi iliyokauka vizuri. Matundu alinikabidhi bisibisi niyazibue mwenyewe. Gundi yangu ilishika vizuri mno, ilinichukua karibu saa nzima, naye alisimama pale akinitazama.

"Muweke penye mwanga, si juani," akasema. "Na kabla ya maji, kidole kwanza. Kikitoka kikavu, mpe. Kikitoka na udongo, muache."

Nyumbani nikatangaza sheria ya kidole. Mke wangu akakiri ya mchele. Shangazi akakataa kata kata, kisha akakiri zote pamoja na chai. Nikampa mpapai wa uani awe anaupelekea mabaki ya glasi, na mpapai ule umenenepa mpaka majirani wanauliza. Bi harusi nilimlinda mwenyewe. Siku ya tisa jani moja lilinyanyuka, na nikapiga kelele hadi jirani akadhani maji yametoka.

Mama alirudi akamkuta na majani sita, bila ua.

"Amekonda," akasema.

Akakaa, mke wangu akamletea maji, akanywa nusu huku anamtazama bi harusi wake kwa majonzi. Kisha akainuka na glasi mkononi, akaiinamisha juu ya chungu.

"Mama, acha!"

Nilikuwa nimeshamshika mkono. Mama mkwe wangu, nimemkemea na nimemshika mkono. Shangazi akajifunika mdomo kwa kanga. Nikaona hapa hakuna cha kuficha tena, nikamweleza yote: matundu, mchele, chai, mizizi iliyooza, kidole. Nikamwambia nilitaka sana kumtunzia vizuri, ndiyo maana nikakaribia kumuua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachomeka kidole kwenye udongo, akakitoa, akakitazama. Kilikuwa na udongo.

"Hayo matundu uliyaziba kwa kitu gani?"

"Mpira na gundi ya mabomba, mama."

"Na hayakuvuja?"

"Hata tone."

"Na kwa ile koki yangu, gundi hiyo hukuiona?"

Akaitazama glasi, bado ina maji nusu, akaninyooshea.

"Haya, maji hayamwagwi. Kunywa, mwanangu."

Nikanywa yote, nikiwa nimesimama.