Transfoma ya Jogoo, Nguzo za Ngazi

Iya Rafatu anauza samaki wa barafu mtaani kwetu Isale-Oko tangu mimi sijaota ndevu. Kwake yeye siasa yote ya Nigeria ni kitu kimoja tu: umeme upo au haupo. Mimi naziba pancha upande wa pili wa barabara, kwa hiyo namwona kutwa nzima. Mwaka ule wa kugombea ugavana alitundika redio shingoni kama hirizi, anasikiliza wagombea wakibwata, na kila uongo ukipita anatema mate mferejini. Mfereji haukukauka mpaka uchaguzi ulipoisha.

Kisa chenyewe ni transfoma. Ya mtaa ilikuwa imeungua, na kampuni ya umeme ikasema haina nyingine, tukileta yetu watakuja kuunga. Basi tukakaa gizani. Iya Rafatu akawa anawasha jenereta, petroli inakunywa faida, na siku petroli ikiadimika samaki wanalegea macho kama walevi. Akaniambia, "Mufu, Idi ikinikuta hivi, nauza friji nakwenda Ilorin kulea wajukuu."

Iliniuma. Mwanamke anayemgombeza polisi mpaka polisi anaomba msamaha, akakae Ilorin kufuta watoto makamasi?

Wa kwanza kuja alikuwa Injinia Gbolagade, wa chama cha Jogoo. Injinia wa nini, hakuna anayejua, labda kitambi chake ndilo jengo pekee alilomaliza. Alikuja na lori, ngoma, na vijana wa kumsifu mpaka babu zake. Juu ya lori, transfoma mpya. Ubavuni wamemchora yeye mwenyewe, meno yote nje kama mbuzi aliyechomwa kichwa. Wanawake wakagawiwa vitenge vya jogoo, wakajifunga palepale, wakacheza. Transfoma ikawekwa kwenye zege pale njia panda.

"Nguzo zenu zimeoza," Injinia akasema kwenye spika. "Nikishinda, naleta nguzo, nawasha!"

Watu wakapiga makofi. Kwa ahadi! Iya Rafatu peke yake ndiye alisogea mbele.

"Injinia, Mungu akuzidishie. Lakini suruali yenye mguu mmoja mtu anaivaaje?"

Watu wakacheka. Naye akacheka kile kicheko chao cha kampeni, kinachoishia kwenye meno. Kisha akaondoka, akaacha vijana wawili walinde transfoma yake isije ikaguswa.

Haikupita muda akaja Chifu Adewoyin wa chama cha Ngazi. Huyu alikuwa kamishna zamani, na barabara aliyoijenga ilibebwa na mvua ya kwanza. Naye kaleta lori: nguzo na nyaya, kila nguzo imeandikwa jina lake. Wanawake walewale wakavaa vitenge vya ngazi, wakacheza ngoma ileile. Nilitaka kuwatupia maji ya kupimia pancha. Nguzo zikasimikwa, nyaya zikavutwa mpaka hatua tatu kutoka kwenye transfoma, zikakomea hapo.

"Sasa ungeni," Iya Rafatu akawaambia. "Nguzo hizi hapa, transfoma ile pale. Mnangoja nini, mahari?"

Kiongozi wa vijana wa Chifu, mmoja wanamwita Abija, kifua mbele, miwani ya jua na jua lenyewe hakuna, akamjibu, "Mama, umeme wa Jogoo haupiti kwenye nyaya za Ngazi."

"Kwani umeme una chama?"

"Una mwenyewe. Mkitupa kura, Chifu ataleta transfoma yake. Ile takataka tutaing'oa."

"Takataka ni mama yako!" Walinzi wa Jogoo wakapiga kelele kutoka kule kwenye zege.

Mimi nilikuwa nimeshashika chuma cha kubandulia tairi, nasogea. Iya Rafatu akaniona. "Mufu! Rudi kwenye mipira yako. Ukimpasua kichwa huyu utakuta hakuna kitu ndani, utafungwa bure."

Abija akacheka, halafu ndiyo akaelewa.

Hapo sasa wenye nyumba wakaitisha kikao. Mwenyekiti wao ni Baba Olaniyonu, mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayekohoa kwanza ndiyo aseme, ujue kwamba anasema. Akakohoa. Akatoa mpango: nyumba za upande wa kulia zimpigie Injinia, za upande wa kushoto zimpigie Chifu. "Kwa hivyo," akasema, "atakayeshinda atatukuta tuko naye. Hii ndiyo hekima."

Watu wazima, wenye mvi, wakatingisha vichwa! Nilitamani kulia.

Iya Rafatu akasimama. "Baba Mwenyekiti, kwa heshima zote. Kura zinahesabiwa hapa hapa kwenye ukuta wa shule, kwa sauti, mawakala wote wamesimama. Tuseme wewe ndiye Chifu, umeleta nguzo, unasikia nusu ya mtaa imemchagua Jogoo. Utatushukuru?"

"Iya Rafatu, mambo ya siasa yana kina."

"Mfereji pia una kina, Baba. Angalia kilichomo."

Wakamzomea. Eti mwanamke wa samaki anamfundisha mwalimu. Akafunga kitenge chake vizuri, akatoka, na mimi nikatoka nyuma yake natukana. Akaniambia ninyamaze, anafikiri.

Alichofikiri ni hiki. Siku ya kura magari yamezuiwa, barabara zote zinakuwa uwanja wa mpira. Lori la mtu yeyote halitembei. Na vijana wa vyama, wale wanaolinda transfoma na nguzo, siku hiyo wote wanakwenda kulinda masanduku, kwa sababu sanduku ndilo lenye ulaji. Nyuma ya msikiti anakaa Saka, fundi wa kampuni ya umeme. Iya Rafatu akamwendea na samaki mkubwa kuliko wote.

"Mama, wakinikamata?" Saka akauliza.

"Nani akukamate? Kampuni yenu si ilisema tulete transfoma na nguzo? Zimeletwa. Wewe ni fundi wa kampuni, vaa sare yako, fanya kazi yako. Au nawe una chama?"

"Mimi nina watoto."

"Basi waunganishie watoto wako feni."

Siku ya kura nilisimama kwenye foleni shuleni, nikapiga kidole changu kwenye karatasi ya kura, na wino wenyewe sikuambii niliuweka wapi, maana wagombea wote wawili ni mavi ya ng'ombe mmoja. Iya Rafatu alipiga kura yake mapema, akarudi njia panda, akakaa kwenye kiti chini ya nguzo akimshikia Saka ngazi ya kupandia. Mtaa wote uko shuleni. Mpaka walinzi wa Jogoo wako shuleni, wanagombania wali wa wakala.

Saa ya kuhesabu ikafika. Msimamizi anainua karatasi moja moja, watu wanaitikia.

"Jogoo!"

"Jogoo!"

"Ngazi!"

"Ngazi!"

Nusu kwa nusu, bwana. Baba Olaniyonu anatabasamu kama bwana harusi. Wakala wa Jogoo akamgeukia, mishipa ya shingo imesimama. "Yaani Injinia amewaletea transfoma nzima, mnampa nusu?"

Abija akavua miwani. "Na Chifu je? Wanafiki nyie! Kesho mtakuta mashimo tu hapa!"

Mwenyekiti akakohoa. Hakuna aliyengoja amalize. Wakala na Abija wote wawili wako kwenye simu, wanawachongea wenye nyumba kwa wakubwa zao, na wale wazee wa hekima wanaangaliana kama kuku walionyeshewa. Hapo ndipo tukasikia watoto kutoka upande wa njia panda wanapiga ile kelele ambayo hatukuwa tumeisikia muda mrefu: "Ap Nepa! Ap Nepa!" Nepa ni jina la zamani la kampuni ya umeme.

Umeme. Taa ya veranda ya shule ikawaka juu ya kichwa cha Abija.

Redio ikasema Chifu ndiye gavana. Barabara zilipofunguliwa lori la Injinia likawa la kwanza kufika, na vijana na minyororo na mkasi mkubwa wa kukatia nyaya. Walitaka transfoma yao. Iya Rafatu hakuwazuia. Hakuwapigia hata kelele. Alinifinya bega, akatoa simu, akampigia Abija.

"Mwanangu Abija, hongera kwa ushindi. Vijana wa Jogoo wako hapa, wanataka kukata nyaya za Gavana. Ndiyo, nyaya za Gavana mwenyewe, zenye jina lake. Wanasema Gavana ni nani."

Hilo la mwisho hawakulisema.

Abija alikuja na pikipiki nyingi mpaka vumbi likafunika samaki. "Nani anagusa mali ya Gavana?" Wa Jogoo wakasema wanachotaka ni transfoma yao tu. Abija akasema transfoma gani, kitu kilichofungwa kwenye nyaya za Gavana ni cha Gavana. Mtu yuleyule aliyeiita takataka! Sasa anaikumbatia kama mke. Matusi yakaruka, ngumi mbili tatu, na lori likarudi lilikotoka tupu. Jioni vijana wa Chifu wakaleta rangi wakafuta meno ya Injinia, wakachora ngazi. Wakaleta na vitenge vipya, na wanawake wetu, Mungu awasamehe, wakacheza tena.

Iya Rafatu hakucheza. Alikuwa anapanga samaki, wamegandana vizuri mpaka anawatenganisha kwa nyundo.

Baba Olaniyonu akaja kununua, amevaa kofia ya sikukuu. Akakohoa. "Umeona sasa, Iya Rafatu? Hekima yetu imezaa matunda. Nusu kwa nusu, na umeme tumepata."

Iya Rafatu akamtazama. Mimi nikasimamisha pampu, nangoja atukanwe vizuri. Lakini alipokea hela yake ya kipande cha kati, akachagua, akafunga kwenye gazeti, akampa kwa mikono miwili na kupiga goti kama inavyotakiwa kwa mzee.

Mwenyekiti akaenda zake ameridhika. Iya Rafatu alikuwa amempa mkia.