Nilimrudishia mjane aliyekuwa eda mifuko aliyoikosea, nusura nifukuzwe Kurui

Wakuu, heshima kwenu wote, wa humu ndani na mnaosoma kimya kimya bila kujisajili.

Huu uzi nimeuandika nikafuta, nikaandika tena. Leo nimeamua liwalo na liwe. Hakuna chai hapa, ni mambo yaliyonikuta mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadili, maana wahusika wapo na wengine wanashinda humu humu.

Twende taratibu.

Mimi nipo kitengo cha ubora kwenye kiwanda kimoja kidogo pale Zegereni, Kibaha. Tunashona mifuko ya kitambaa. Tunachukua mabaki ya vitambaa kutoka kwa washonaji wakubwa, yale ambayo zamani yalikuwa yanachomwa moto, tunayaunga, inatoka mifuko mizuri tu ya kubebea vitu. Wateja wetu wengi ni maduka ya zawadi na hoteli.

Getini kwetu kuna bango kubwa limeandikwa UBORA, UBUNIFU, UENDELEVU. Nilipoajiriwa nilikuwa napita chini ya lile bango kila asubuhi na sijawahi kujiuliza hasa lina maana gani. Nadhani hata aliyeliandika alikuwa anawaza mteja tu.

Sasa pale kiwandani kuna mama mmoja, tumwite Bi Mwanaidi. Yeye alikuwa meza ya mwisho. Mfuko ukishashonwa mwili, unafika kwake anaushonea mikanda ya kushikia, anaukagua, ndipo unaenda kufungwa. Mfuko ukiwa na kasoro anakurushia hapo hapo mbele za watu, hajali wewe ni nani.

"Huu mfukoo! Nani anautaka?" Hivyo tu, na wewe unaenda kuuokota.

Watu walikuwa wanamwogopa na kumpenda kwa pamoja. Mimi mtoto wa Makete, nimekuja huku sina ndugu, huyu mama ndiye aliyenitafutia chumba Visiga karibu na alipopanga yeye. Jumamosi akitoka kazini alikuwa anaenda kwake Kurui, huko Kisarawe, kwa mume wake ambaye alikuwa mkulima. Jumatatu anarudi na mihogo, ananigawia.

Basi bwana, mume wake akafariki. Ghafla tu, aliamka mzima akaenda shamba, akarudishwa amebebwa.

Tulienda kuzika, tukarudi. Siku za likizo ya msiba zikaisha, Bi Mwanaidi kimya. Simu haipatikani. Wiki zikaenda. Meza ya mwisho ikawa vurugu, kila siku anakaa mtu tofauti, na mteja wetu mmoja wa hoteli akaanza kulalamika kwamba mikanda inachomoka.

Hapa niseme ukweli, bosi wetu si mtu mbaya. Tumwite Madam Neema. Ni mwanamke mchapakazi, anajua mpaka watoto wa walinzi wanasoma darasa la ngapi. Lakini alikuwa amebanwa. Akaniita akanituma niende Kurui nikamuulize Bi Mwanaidi anarudi lini, na kama harudi, basi yeye Madam aajiri mtu mwingine wa kudumu kwenye ile meza.

Nikawasha pikipiki yangu.

Sasa cheka na mimi kidogo. Kwetu Makete ukienda kumpa pole mfiwa unaingia ndani, unamshika mkono, unakaa naye. Mimi nikafika pale nyumbani, nikawakuta kina mama wamekaa uwani, nikaamkia shikamooni, nikaulizia Bi Mwanaidi yupo wapi. Wakanyoosha kidole kwenye mlango wenye pazia. Mimi moja kwa moja, mkono nimeshautanguliza mbele, nakwenda kufungua pazia.

Nilivutwa shati kwa nyuma mpaka kifungo kikaruka.

Aliyenivuta ni Bi Tatu, dada wa marehemu, yaani wifi yake Bi Mwanaidi. Akaniuliza nimetoka sayari gani. Nikajitetea kwamba kwetu ndivyo tunavyofanya. Wale kina mama wakaziba midomo kwa kanga wanacheka, na nyuma ya pazia nikamsikia Bi Mwanaidi mwenyewe naye anacheka. Bi Tatu akageuka ghafla kuangalia ule mlango. Baadaye aliniambia wifi yake alikuwa hajacheka tangu msiba.

Wakanikalisha barazani wakanielewesha. Yupo eda. Kwa Waislamu mjane anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki kutembea ovyo, hajipambi, haonani na wanaume wasio maharimu wake, yaani wale ndugu wa karibu asioweza kuolewa nao. Wenzangu Waislamu humu mnanicheka najua, lakini mimi nilikuwa nasikia tu hilo neno, sikuwa nalijua kwa undani.

Kuzungumza kwa jambo la lazima, wakasema, ruksa. Ila pazia libaki.

Basi nikaufikisha ujumbe wa Madam, nikiwa naongea na kitambaa cha maua. Bi Mwanaidi akasema eda yake hawezi kuikata kwa sababu ya kiwanda, amemkalia mume wake na atamaliza. Nimwambie Madam amweke mtu mwingine, yeye hana kinyongo.

Lakini wakuu, ile sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu aliyekwishakubali kila kitu. Roho iliniuma sana.

Nikauliza kama bado ana kile cherehani chake cha kukanyaga kwa mguu alichokuwa anatusimulia. Bi Tatu akasema kipo humo humo chumbani, kimefunikwa kanga. Nikasema, je, nikimletea mifuko hapa, akashonea mikanda ndani kwake, mimi nikaja kuchukua?

Pakawa na mjadala pale, acha kabisa. Wengine wakaona si heshima, mtu yupo kwenye majonzi unamletea kazi za watu. Akaitwa shemeji yake, mzee mmoja mpole sana, naye akasema atamuuliza shehe. Siku ya pili akanipigia kwamba shehe amesema mtu kufanya kazi ya mikono ndani ya nyumba yake hakuna ubaya wowote, mradi mwenyewe anataka. Na mwenyewe amesema anataka.

Madam Neema hakukubali kirahisi. Hoja yake ilikuwa na mashiko. Ubora wa kiwandani tunausimamia kwa macho, sasa kazi inayofanyika Kurui nyuma ya pazia nani ataisimamia? Mwishoni akasema sawa, tujaribu mzigo mmoja. Ukipita ukaguzi ule ule wanaopita wengine, bila kupendelewa, nafasi ya Bi Mwanaidi inabaki yake mpaka eda iishe, na hilo analiandika kwenye utaratibu wa kampuni. Usipopita, anaajiri mtu.

Nikapeleka mzigo nikiwa na furaha kama bwana harusi.

Nikaenda kuuchukua. Nikarudi nao kiwandani, Madam alikuwa safarini Dodoma. Nikaanza kupima. Sisi tunapima hivi, ndani ya mfuko tunaweka kifuko cha mchanga, tunauning'iniza kwenye ndoano, tunausubiri.

Wa kwanza mkanda ukachomoka.

Wa pili ukachomoka.

Nikasema labda bahati mbaya. Nikatoa mingine ya katikati. Ile ile. Ukiangalia mshono unaona kabisa umekwenda pembeni ya kitambaa, sehemu nyingine sindano imeruka. Kazi ambayo Bi Mwanaidi yule tunayemjua angeturushia usoni.

Nilikaa chini wakuu.

Tulikuwa wawili pale mezani, mimi na binti mmoja anaitwa Stella, ambaye Bi Mwanaidi ndiye alimfundisha kushona. Stella akaangalia ile mifuko, machozi yakamlengalenga. Akaniambia kwa sauti ya chini tuifumue tuishone sisi wenyewe, Madam anarudi kesho kutwa, nani atajua?

Na mimi nilitaka. Wallahi nilitaka, ingawa mimi ni Mlutheri. Nilishaanza hata kutafuta wembe.

Kilichonizuia sijui nikielezeje. Niliwaza, nikimshonea huu mzigo, unaofuata nani atamshonea? Na akirudi baada ya eda akagundua tulikuwa tunamfichia, atakaaje tena kwenye ile meza kuwarushia watu mifuko yao? Nafasi itakuwa yake kwa jina tu. Tutakuwa tumemwajiri kwa huruma.

Nikaipakia ile mifuko kwenye pikipiki, nikarudi Kurui.

Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Nilipofika yote yakapotea.

Nikakaa barazani, nikaongea na lile pazia. Nikasema, "Mama, kazi haijapita. Mikanda inachomoka. Nimeirudisha."

Kina mama uwani wakaacha walichokuwa wanafanya. Bi Tatu akasimama. Huyo mama akianza kukusema unaweza kutamani ardhi ipasuke. Aliniuliza mimi nina roho gani, nimezaliwa na mtu au nimeokotwa, mtu kafiwa hata udongo haujakauka, nakuja kumrudishia mifuko kama fundi wa mtaani. Akaniambia nichukue takataka zangu niondoke. Mzee shemeji naye safari hii hakunitetea, alikuwa anaangalia chini.

Nikasimama kweli niondoke. Nilijiona mshenzi.

Ndipo nikamsikia anamwita wifi yake kwa ndani, akamwambia aniache. Alikuwa analia, na hakujificha kwamba analia.

"Nilijua," akasema. "Wakati nashona nilijua imekwenda upande. Nikasema, aah, wataniona mfiwa, watanyamaza."

Akaendelea.

"Tangu mzee wangu aondoke kila nikifanyacho naambiwa sawa. Nisipokula, sawa. Nikiunguza mboga, sawa. Nikijibu ovyo, sawa, mwacheni. Nikawa naona mimi nimezikwa naye, kilichobaki ni kuhudumiwa tu. Sasa wewe umetoka Kibaha na vumbi lote hilo kuja kuniambia nimekosea." Akavuta pumzi. "Basi nipo hai, mwanangu. Lete hiyo mifuko. Na usiondoke, nisubiri."

Bi Tatu ndiye aliyeichukua ile mifuko mikononi mwangu kumpelekea. Alipotoka ndani alikuwa anajifuta uso kwa kanga, hakuniangalia.

Nilikaa pale barazani nasikia nyuzi zinafumuliwa kwa wembe, kr, kr, kr. Ilichukua muda mrefu. Halafu nikasikia cherehani. Mwanzoni kilikuwa kinasita, kinakwenda kinasimama. Baadaye kikakolea, kikawa kinakwenda bila kupumzika. Kina mama uwani wakarudi kwenye mazungumzo yao. Bi Tatu akaniletea muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, akaviweka mbele yangu. Nikala nikiwa nalia, wakuu, mtu mzima mimi. Sioni aibu kulisema.

Mzigo ulipita. Nilimweleza Madam Neema kila kitu, na mara ya kwanza ulivyoanguka pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu, kama yule mama anapata mwanga wa kutosha humo chumbani. Wiki iliyofuata mzigo ulikwenda na taa ya sola.

Eda ilipoisha tulienda kiwanda karibu kizima kwenye kumtoa eda. Amekonda, mvi zimeongezeka. Nikampa mkono safari hii na hakuna aliyenivuta shati.

Jumatatu akarudi kwenye meza yake. Watu walikuwa wanamzunguka kwa huruma, pole mama, kaa mama, usichoke mama. Yeye akachukua mfuko wa kwanza, akaugeuza, akautazama, akaurusha. Ulikuwa wa Stella. Yule binti akauokota akaukumbatia, anacheka huku analia.

Sasa nilichojifunza mimi, na mtanisahihisha.

Siku hizi kila ofisi ina semina za uendelevu. Tunaongelea mazingira, nishati, taka, na ni mambo ya maana sana, sisi wenyewe tunaishi kwa mabaki ya vitambaa. Lakini mtu naye akipasuka mnamtupa, au mnatafuta namna ya kumuunga? Ubunifu mkubwa kuliko yote pale kwetu haukuwa mashine, ulikuwa kukubali kwamba kazi inaweza kumfuata mtu mahali msiba ulipomweka.

Na kuhusu ubora, nilikuwa nadhani ni kitu cha kumridhisha mteja. Siku ile Kurui niliona kwamba kumwambia mtu ukweli wa kazi yake ni heshima, tena kuna wakati ndiyo heshima pekee aliyobakiza. Huruma tulikuwa nayo wote. Huruma yetu ndiyo ilikuwa inamzika.

Ruksa kumwaga povu kama mnaona nilimkosea. Bi Tatu mpaka leo anasema nilikuwa na roho ngumu, ila anasema huku ananipakulia.

Ila kabla hujaandika, nijibu hili. Hapo ofisini kwenu kuna mtu amefiwa, anaumwa au amejifungua, na wote mnamwambia "sawa, pumzika tu". Mara ya mwisho kumuuliza anataka kufanya nini ilikuwa lini?