Mkono Alioinua Bi Pindo

Siku mafundi wa kibarazani walipomchagua Bi Pindo awawakilishe manispaa, hakuna aliyegombea naye. Nani angethubutu? Mwanamke aliyekunja pindo la suruali likadumu kuliko suruali yenyewe, na ambaye kwa maneno yake tu aliwahi kumrudisha mkusanya ushuru mikono mitupu, huyo hapigiwi kampeni. Mafundi waliitikia kwa pamoja, wakashangilia kwa kugonganisha mikasi, kisha kila mtu akarudi kwenye cherehani yake.

Kibaraza chenyewe kilikuwa mbele ya soko la zamani, katikati kabisa ya mji, kirefu, chenye nguzo nene zilizobanduka rangi. Kati ya nguzo na nguzo walikaa mafundi, migongo ukutani, nyuso barabarani. Hapo ndipo mji ulipovalishwa: sare za shule, magauni ya harusi, suruali za watu walionenepa wasitake kukubali. Bi Pindo alikaa karibu na ngazi. Kushoto kwake alikaa mdogo wake wa tumbo moja, mjane mwenye watoto. Ni Bi Pindo aliyemfundisha kazi baada ya mumewe kufariki, na ni yeye aliyesogeza cherehani yake ili mdogo mtu apate pa kuweka ya kwake. Walikula pamoja, waligombana hadharani, na mmoja akitoka kidogo mwingine alimpimia wateja.

Sasa manispaa ilikuwa imeamua kuuboresha mji. Soko la zamani lingejengwa upya, pamoja na mitaa inayolizunguka, na mkandarasi wa kazi hiyo alikuwa anatafutwa. Utaratibu ulitaka kamati ya kumchagua iwe na mtu mmoja kutoka kwa wale wanaofanyia kazi pale pale. Mafundi wakamshonea mtu wao koti. Huyu alishona mikono, yule kola, mdogo wake akatia vifungo. Ukilitazama vizuri uliona mkono mmoja umeuzidi mwenzake, na hivyo ndivyo inavyokuwa nguo ikipita kwa mafundi wengi. Bi Pindo alilivaa kama waziri.

"Dada, sisi tunataka kitu kimoja tu," mdogo wake alimwambia huku akimfunga vifungo. "Wajenge wanavyotaka, lakini sisi tukae hapa hapa."

Ukumbi wa manispaa ulikuwa ghorofani, una meza ndefu na feni iliyolalamika sana bila kumpoza mtu. Kila mjumbe aliwekewa chupa ya maji, na hakuna aliyefungua yake kabla ya mwenyekiti. Baada ya mchujo, wakandarasi walikuwa wamebaki wawili.

Wa kwanza alikuwa mtu mzima, suti imepauka mabegani. Alibandika michoro yake ukutani, ikawa inadondoka, naye akawa anaiokota huku akiendelea kueleza. Hakupamba neno. Alisema kibaraza kina nyufa na lazima kivunjwe. Mafundi watahamia banda la mabati nyuma ya posta kwa mwaka mzima, watakula vumbi, na wateja watapungua. Baada ya hapo watarudi wote, kwani ameshapita pale akahesabu vichwa, na kila kichwa kina nafasi yake kwenye mchoro. Bi Pindo alisikia kuvunjwa, akasikia banda, akili yake ikafunga duka hapo hapo. Mwaka mzima nyuma ya posta! Yaliyofuata yalipita juu ya kichwa chake, naye akawa anamtazama yule mtu kama mteja aliyekuja kulalamikia nguo ya fundi mwingine.

Wa pili alikuwa kijana nadhifu, sauti laini, na hakuja na michoro. Aliingiza mji. Mji mzima, umetengenezwa kwa mbao nyembamba na karatasi ngumu, ukawekwa juu ya meza: soko jipya lenye matao, taa za barabarani, miti ya sponji, watu wadogo kama punje za maharage wakitembea na mizigo yao. Wajumbe wote waliinuka vitini, hata mwenyekiti. Bi Pindo akainama mpaka pua ikakaribia kugusa paa. Na hapo, chini ya tao moja, akaona mtu mdogo ameketi nyuma ya cherehani ndogo.

 Lazima mwelewe, mafundi cherehani ni watu wa sampuli. Mteja analeta gauni la dada yake, analiweka mezani, anasema nishonee kama hili, na fundi akishalipokea hana pa kujitetea. Kama kola ni ya duara, ni ya duara. Ukishona tofauti, unarudisha kitambaa cha watu, na kibaraza kizima kinakucheka mwezi mzima. Kwa hiyo Bi Pindo alipoona yule mtu na cherehani yake, kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha. Sampuli iko mezani na viongozi wote wanaishuhudia. Hakuuliza mafundi watakuwa wangapi, wala hakuuliza watakaa wapi wakati wa ujenzi. Angeulizaje? Fundi akishawekewa sampuli haulizi maswali ya kitoto.

Wajumbe waligawanyika sawasawa. Nusu walimtaka yule mtu mzima, nusu yule kijana. Mwenyekiti akafuta uso, akamgeukia Bi Pindo.

"Mama, tunakusikiliza wewe. Wewe ndiye mwenye pale."

Bi Pindo akainua mkono, ule wenye mkono wa koti uliozidi, akamwelekeza kijana. "Huyu," alisema. "Huyu ametuweka."

Jioni ile kibarazani palikuwa sherehe. Alisimulia mara kwa mara, kila mara miti ikiongezeka, na kila aliposimulia mdogo wake alitaka kusikia tena habari za yule mtu mdogo. Ameshika kitambaa? Cherehani yake ni ya mguu au ya mkono? Bi Pindo alijibu yote, mengine kwa kubuni, kwa maana furaha nayo hutia chumvi.

Mabati ya kuzungushia eneo la ujenzi yalipofika, mafundi walihama wenyewe bila kusukumwa. Hapakuwa na banda nyuma ya posta wala mahali pengine popote, kwa sababu kijana hakuwa ameahidi banda. Wengine walishonea nyumbani, wengine kwenye vichochoro, wakifukuzwa leo na kurudi kesho. Kila aliyekutana na Bi Pindo alimwambia wanavumilia tu, siku zitafika. Kisha mabati yakaondolewa. Matao yalikuwepo, taa zilikuwepo, na chini ya matao kulikuwa na maduka ya vioo yenye wapangaji tayari. Walinzi wenye sare walisimama ngazini. Sare hizo hazikushonwa na fundi yeyote wa mji ule.

Bi Pindo alivaa koti lake, akaenda kwa afisa mipango. Huyu alikuwa mtu mpole, na mimi upole wa namna ile unanichefua kuliko matusi. Alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mama, mbona kila kitu kimejengwa kama ulivyokiona?" aliuliza. "Matao, taa, miti. Mkandarasi hakubadilisha hata kimoja."

"Na mafundi?"

"Palikuwa na fundi mmoja tu, mama. Nafasi yake ipo, kijumba kidogo chini ya tao. Na tumekutunzia wewe, kwa sababu ulishirikiana nasi vizuri."

 Bi Pindo aliuona tena mji ule wa mezani, akamtafuta mtu wa pili mwenye cherehani kila pembe, hakumpata. Yule mmoja yeye alikuwa amemhesabu kuwa ni wote. Na yule mtu mzima wa suti iliyopauka, aliyesema ameshahesabu vichwa, maneno ambayo sasa ndipo yalipomrudia, ndiye aliyenyimwa kura kwa mkono huu huu. Alijisikia kufa, na ninasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyojisikia. Akasimama, akamwambia afisa ampe mwingine yeyote kijumba hicho, yeye hakitaki. Afisa akasema kwa upole uleule kwamba kuna mfanyabiashara wa simu anayekisubiri, akampigia simu hapo hapo wakakubaliana.

Njiani Bi Pindo alijipa moyo. Kura ilikuwa imepotea, lakini angalau hakununulika. Hakuna ambaye angesema aliwauza wenzake akapewa duka. Maneno hayo aliyashika mpaka nyumbani kwa mdogo wake, chumba kimoja, cherehani imebanwa kati ya kitanda na ndoo za maji, na juu ya kitanda nguo moja tu ya mteja. Akiwa bado mlangoni alimweleza yote, kuanzia yule fundi mmoja mpaka kijumba alichokikataa.

Mdogo wake aliacha kukanyaga pedeli. "Umekikataa?"

"Ningekaaje mle peke yangu, na ninyi mko nje?"

"Ungekaa peke yako kwa nini? Tungepokezana, dada. Leo huyu, kesho yule. Mimi ningekaa hata siku moja kwa wiki, wateja wangu wakajua nilipo." Hakupandisha sauti. "Kwenye ile kura hukujua, hilo nakubali. Lakini leo ulikuwa unajua yanatuhusu sisi, na bado hukutuuliza."

Bi Pindo akasema atarudi sasa hivi, atamwomba afisa, hata kwa magoti. Alisema huku akimsikia masikioni yule afisa akikubaliana na mtu wa simu.  Mdogo wake alirudisha mguu kwenye pedeli, akaendelea kushona, na dada mtu akabaki amesimama mlangoni, kwa kuwa mle ndani hapakuwa na pa kukaa.