Mbegu Zilizopita Jikoni

Fusae aliolewa akiwa na miaka ishirini na miwili, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupakua wali katika nyumba ya mumewe. Kupika alipika, kulima alilima, watoto wawili alizaa. Lakini mwiko ulikuwa wa mama mkwe wake, Toyo, na katika bonde lile la milimani mwenye mwiko ndiye mwenye nyumba. Toyo alimpakulia kwanza mwanawe Eikichi, kisha wajukuu, na mkaza mwana wake mwisho wa wote. Siku akiamka vibaya, bakuli la Fusae lilikuja limejaa ukoko.

Tumpe bibi haki yake: kwa soya hakuwa na mpinzani. Soya za nyumba ile zilikuwa za kijani, mbegu yake mwenyewe aliyoletwa nayo siku ya harusi yake, na unga wake ukishakaangwa na kusagwa ulikuwa na rangi ya majani machanga na harufu ya kumtoa mtu kitandani. Kila majira ya baridi, theluji ikiwa imefika madirishani, Toyo aliketi na ungo akachagua mbegu moja moja. Yenye doa aliitoa, yenye kunyauka aliitoa, hata iliyokuwa na umbo la yai aliitoa. Zilizobaki alizitia katika chupa kubwa tupu iliyokuwa ya pombe ya mchele, akaiziba kwa gazeti lililokunjwa na kuiweka ghalani kwenye baridi.

Mwaka ule Toyo alikwenda na bibi wenzake kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto siku tatu, na siku ya tatu ikaangukia sikukuu ya kutupa soya, pale watu wanapofukuza mazimwi na kukaribisha heri. Soya za kutupwa lazima zikaangwe, kwani ikisahaulika moja pembeni ikaja kuota, balaa huota nayo. Fusae alikaanga, akakaa kusikiliza mchezo wa redioni, na alipozinduka jiko lilikuwa limejaa moshi. Zilizoungua alizimwaga kwenye theluji nyuma ya nyumba, akakimbilia ghalani gizani, akanyakua chupa ya kwanza aliyoigusa na kuimimina yote kikaangoni.

Alikuwa akikoroga, soya zimeanza kutoa joto na baadhi kupasuka ngozi, ndipo alipoziangalia vizuri. Zote zilikuwa na ukubwa mmoja. Hakuna yenye doa, hakuna iliyonyauka. Alijua palepale kwamba ni mbegu za Toyo, maana soya nzuri kiasi kile zilitoka mkononi mwa mtu mmoja tu.

Mpaka hapo ni ajali, na ajali haina kinga. Kosa lenyewe lilikuja baadaye. Fusae aliepua, akatoa zile zilizopasuka, nyingine akazipoza juu ya ungo. Kwa macho zilikuwa zilezile. Alijiambia kwamba moto wenyewe ulikuwa mdogo, kwamba mbegu ni kitu kigumu, kwamba labda zitaota. Akazirudisha katika chupa, akaiziba kwa gazeti lilelile. Zile zilizopasuka ndizo zilizotupwa jioni ile, na Toyo aliyekuwa amerudi na mashavu mekundu alikula za kutimiza miaka yake, moja kwa kila mwaka, akazisifu. Fusae alijilazimisha kumeza zake.

Ndege kekeo alipolia mwezi wa sita, ishara ya kupanda, Toyo alitoka na chupa yake. Alipanda tatu tatu kila shimo. Siku kumi zikapita, shamba likawa kimya. Bibi aliwatukana njiwa kwa majina ambayo njiwa hawastahili, Eikichi akafunga nyuzi na makopo ya kuwatisha, na Fusae, ee aibu, akakubali kwamba ni njiwa.

"Wamezidi mwaka huu, Mama," alisema.

Siku ya kumi na tano Toyo alifukua shimo kwa kidole. Mbegu zilikuwamo, zote tatu, zimevimba na kuoza bila hata kuchipua. Akafukua la pili, na la tatu. Fusae alikuwa amesimama nyuma yake na jembe, na neno lilikuwa limefika kwenye ulimi kabisa. Toyo akainuka, akajipangusa udongo magotini.

"Si njiwa," alisema. "Ni mimi. Nimechagua mbegu mfu, sikuona."

Lile neno Fusae akalimeza.

Jioni ile, sufuria ilipoletwa, Toyo hakupakua. Aliufuta mwiko kwa kitambaa, akausukuma juu ya mkeka hadi mbele ya magoti ya mkaza mwana wake, akasema mtu asiyeona mbegu hawezi kuona nyumba. Tena akakataza mtu yeyote asiende kuomba mbegu kwa binti yake Mitsu, ng'ambo ya mlima, ambaye alipewa viganja viwili vya mbegu hiyo alipoolewa. Mitsu asijue kwamba macho ya mama yake yamekwisha.

Fusae akapakua. Alianzia kwa Toyo, kwa heshima. Kitu alichokitamani miaka kumi na tisa alikuwa nacho mkononi, na alikipata kwa wizi.

Kama Toyo angegomba, pengine ingekuwa nafuu. Hakugomba. Aliamini tu kwamba haoni, na mtu akishaamini hivyo hujiondoa mwenyewe. Aliacha kushona. Alimpa Fusae sindano amtungie uzi, akamuuliza kama nguo ni nyeusi au ya buluu, hali zamani aliona unywele kwenye supu kutoka mlangoni. Theluji ikija mikono yake ilikaa bure juu ya blanketi. Miaka sita hivyo. Fusae alinunua unga wa soya wa dukani, wa njano, na kila alipoukoroga na sukari alijiona kama mtu anayewatia wenzake vumbi machoni.

Mwaka wa saba Toyo aliteleza kwenye barafu, akavunjika nyonga, akalazwa chumba cha nyuma. Asubuhi moja aliomba mochi, ule mkate wa mchele wa kunata. Fusae aliukata mdogo mdogo usije ukamkaba, akaugaragaza katika ule unga wa njano. Bibi alitafuna polepole.

"Mtamu," alisema. "Wangu ulikuwa mtamu zaidi, lakini nao huu mtamu. Asante."

Katika miaka ishirini na mitano Toyo hakuwahi kumwambia asante kwa chakula. Ndiyo iliyomshinda Fusae. Aliinama hadi paji la uso likagusa mkeka, akasema yote: redio, chupa, kikaango, gazeti lilelile.

Toyo aliacha kutafuna. 

"Kwa hiyo macho yangu yalikuwa mazima," alisema bibi.

"Yalikuwa mazima, Mama."

"Miaka sita."

"Nisamehe."

"Usiniharakishe." Akanyoosha mkono nje ya blanketi, kiganja juu. "Lete mwiko wangu."

Fusae aliuleta. Toyo aliuweka kando ya mto wake, akageukia ukutani. Alipozungumza tena ilikuwa jioni.

"Kesho panda basi uende kwa Mitsu. Umwombe mbegu. Na akikuuliza za nini, umwambie kama ulivyoniambia mimi. Nikisikia umetaja njiwa, usirudi."

Wifi ni wifi, na wifi mwenyewe Mitsu! Fusae alisema yote mbele yake, na mbele ya mume wa Mitsu na majirani wawili waliokuwa wakinywa chai, na Mitsu akampa maneno ambayo hapa hatuyarudii. Lakini alipokwisha kumtukana alimpimia soya, mabakuli mawili kamili, na alipomfungia kitambaa alikuwa analia.

Toyo aliomba ainuliwe, awekewe ungo mapajani. Akaanza. Vidole vilikuwa vizito, lakini macho hayakukosea hata mara moja. Yenye doa huku, yenye kunyauka huku. Alinung'unika kwamba Mitsu hajui kuchagua, kwamba hakuna aliyemfunza, kwamba watu siku hizi wanapanda takataka. Fusae alikaa pembeni, hajui kama aondoke au abaki. Saa nzima hakutazamwa.

Mwishowe kulikuwa na mafungu mawili. Dogo, la soya za mviringo safi, Toyo alilivuta kifuani kwake na kulifunika kwa mkono. Lile kubwa, la zenye doa na zilizopinda, alilisukuma hadi ukingoni mwa ungo, upande wa mkaza mwana wake.

"Hizi," alisema, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile, "ndizo za kukaanga."